Televisheni ya Kuonea Goli Moja

Mume wangu ni fundi wa vigae, na watu wanamwita Pimamaji, kwa jina la kile kifaa chenye povu la hewa anachokilaza kwenye kila sakafu kabla hajasema chochote. Hata tukienda kwa watu kutoa pole, macho yake yanashuka chini kwanza. Akiona kigae kimezidi mwenzake kwa unene wa kucha, hakai. Anabadilisha kiti, anainuka, anakaa, anainuka tena, mpaka namvuta shati. Nimeishi na mtu huyo miaka ishirini na sijawahi kumwona ametulia, lakini ile wiki ya televisheni alipitiliza.

Mimi televisheni mpya nilikuwa siitaki. Nilimwambia tunayo, ya nini nyingine? Tulikuwa nayo kweli, ile ya chogo, imekaa juu ya kabati na mgongo wake umegusa ukuta, inaonyesha chenga nyingi kuliko watu. Nikajitia kuipenda. Nikaanza kuipangusa vumbi kila asubuhi, mimi niliyekuwa naipita mwaka mzima bila kuitazama usoni.

Sababu nitaisema sasa hivi, maana sipendi hadithi za kumzungusha mtu.

Miaka kumi na minane iliyopita palikuwa na fainali kwenye uwanja wa nyuma ya shule. Golini alikaa kaka yangu, tumbo moja, mkubwa kwangu kwa miaka mitatu. Walimwita Gundi, kwa sababu mpira ukishamfikia umefika. Siku hiyo watu wawili wa timu kubwa walikuwa wamekuja na gari lao kumtazama yeye tu. Na aliyeshika kibendera upande wa goli lake alikuwa mume wangu, kwa kuwa ndiye aliyechora mistari ya uwanja kwa chokaa, na waandaaji walisema mtu mwenye jicho kama lile hatakosea. Dakika za mwisho, bila kwa bila, mshambuliaji akawapiga chenga mabeki wawili, akapiga shuti, kaka akauangukia mpira palepale kwenye mstari. Kibendera kikapanda: umeingia. Refa akapuliza. Wale wageni wakaingia kwenye gari lao wakaenda zao, na kabla ya wiki kuisha kaka yangu alikuwa anaitwa Gundi ya Maji.

Alimwambia shemeji yake mbele ya uwanja mzima, "Hukuona."

Mume wangu akajibu, "Nimeona kwa macho yangu haya mawili."

Tangu hapo wanasalimiana kwa midomo tu. Kwenye msiba wa mama yetu mmoja alikaa na wachimba kaburi, mwingine akakaa na wapokea wageni, na mimi nikapita katikati nikiwa nimebeba chai.

Sasa lile ambalo sikulisema kwa mtu yeyote. Mpira ulipopigwa, mume wangu alikuwa ananitazama mimi. Nilikuwa nimemwita. Wakati huo nilikuwa nafulia nyumba ya wageni, na mashuka yao arobaini yalikuwa kambani uani kwetu. Manyunyu yakaanza. Geti limefungwa, ufunguo uko mfukoni mwake. Nikasogea mpaka kwenye kamba ya uwanja, nimevaa gauni langu la njano, nikapaza sauti, "Baba watoto, ufunguo!" Akageuka. Uwanja ukalipuka. Alipogeuza tena kichwa, mpira ulikuwa tayari umekumbatiwa na kaka, na nusu ya watu wanapiga kelele kwamba umeingia.

Nilitaka kusema siku ileile. Lakini kaka alikuwa analia, na mimi sijazoea kumwona kaka analia. Kesho yake nikasema kesho. Ile kesho ikawa miaka kumi na minane. Gauni la njano niligawa.

Hapo ndipo ilipokuja flashi. Mpiga picha za harusi alikuwa anafunga studio yake, akahamishia kanda zake za zamani kwenye flashi na kuwapelekea wenyewe. Ya harusi yetu alituletea, na ndani yake, kama nyongeza, aliweka ile fainali, ambayo aliirekodi yeye mwenyewe. Alikuwa ameisahau kabatini siku zote hizo. Mume wangu aliizungusha ile flashi kwenye vidole siku nzima kama mtu aliyeokota jino lake. Chogo letu halina hata tundu la kuichomeka.

Na siku ya tatu kaka akapiga simu, akaniambia goti limemkataa kabisa, hospitali ya kwake imempeleka kwenye hospitali ya huku, atafanyishwa mazoezi wiki mbili, je, atalala wapi? Nikamwambia, "Kaka, unaniuliza swali gani hilo?" Nikakata simu nikamtazama mume wangu. Nilidhani uso utamshuka. Badala yake akasimama.

"Safi," akasema. "Akija nitamwekea aone mwenyewe. Lakini simwekei kwenye televisheni ya ovyo. Nataka inayoonyesha kila kitu."

Kila kitu ndicho hasa nilichokuwa sikitaki.

Dukani tulienda mara nne ndani ya siku tano. Anatoka kwenye kazi ya watu na vumbi la saruji nyweleni, ananipitia kwenye duka la kufulia ninakopiga pasi, hataki hata kunawa. Ukuta mzima pale dukani ulikuwa umejaa televisheni, na zote zilikuwa zinaonyesha zabibu. Zabibu zina matone ya maji, zinazunguka polepole. Sijawahi kumjua mtu aliyenunua televisheni ili akae aangalie zabibu, lakini watu walikuwa wamesimama midomo wazi.

Muuzaji alikuwa binti mchangamfu, mwenye kalamu sikioni. Mume wangu alimbana.

"Binti, hizi mbili zina ukubwa uleule. Kwa nini hii ni ghali?"

"Baba, hii ni HD ya kawaida, ile ni fo-kei. Ile ina nukta nyingi zaidi, mara nyingi mno."

"Nukta ndiyo nini?"

Binti akamwangalia mikono, akaona saruji kwenye kucha. Alikuwa na akili huyo. "Baba unaweka vigae, sio? Chukulia unataka kuchora ua ukutani. Ukitumia vigae vikubwa, ua litatoka kama boksi. Ukitumia vile vidogo vya mozaiki, ua linatoka mpaka na mshipa wa jani. Nukta ndiyo vigae vyenyewe. Huku vikubwa, kule vidogo."

Mume wangu akatikisa kichwa kwa namna ninayoijua. Alikuwa ameshapendezwa. Akatoa futi yake ya chuma mfukoni, akapima kutoka kwenye kioo mpaka alipofika ukuta wa pili, wateja wakimpisha. Akasimama kwa hatua zilezile za chumba chetu. Akasogea. Akarudi nyuma. Akapiga magoti mpaka pua ikakaribia kugusa zabibu.

"Ukisimamisha picha," akauliza akiwa bado chini, "mstari wa chokaa unaonekana?"

"Chokaa? Baba, hapa utaona mpaka jasho la mchezaji!"

Nikajua nimekwisha. Nikamwonyesha ile ndogo kabisa iliyowekwa pembeni, karibu na feni. "Baba watoto, si hii inatutosha? Chumba chetu chenyewe kiko wapi? Hiyo kubwa tukiiweka ndani, sisi tutakaa nje."

"Mama ana pointi," binti akasema, halafu akaharibu: "lakini baba ana jicho."

Ukitaka kumpoteza mume wangu mwambie ana jicho. Njia nzima ya kurudi alikuwa anaongea peke yake, nukta, nukta, nukta. Ndani ya nyumba akapima ukuta mara tatu. Akaweka kiti, akakisogeza, akakirudisha. Na mimi nilikuwa vilevile, tofauti ni kwamba yeye alikuwa anapima na mimi nilikuwa napiga pasi kitu kimoja mara mbili. Kazini niliunguza kola ya shati la mteja, kitu ambacho sijafanya tangu nianze kazi ile. Bosi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nyumbani kuna mgeni anakuja.

Siku ya nne nikapiga moyo konde, nikampeleka kwa fundi wa televisheni mwenye kibanda mkabala na duka letu la kufulia. Mzee mwenzetu, miwani kipajini, kifaa cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya mkononi, amezungukwa na televisheni za watu zilizofunguliwa matumbo. Nilitumaini atasema fo-kei zinaungua, au lolote. Mume wangu akamweleza yote: nukta, vigae, ile flashi na umri wa kanda iliyokuwemo.

Fundi akacheka mpaka miwani ikamdondokea puani.

"Pimamaji, wewe ni fundi, mimi ni fundi, tusidanganyane. Hiyo kanda ilichukuliwa na kamera ya enzi zile. Mchoro wenyewe ulijengwa kwa vigae vikubwa. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Sasa chukua kila kigae kikubwa, kikate vipande vinne. Umepata vigae vidogo, sawa. Rangi imebadilika?"

Mume wangu akashusha macho kwenye sakafu ya kibanda.

"Haijabadilika. Ni rangi ileile imekatwa vipande. Televisheni haiwezi kukuonyesha ambacho kamera haikuona. Itajaribu kulainisha pembeni, basi. Halafu ukikaa mita tatu na kioo cha ukubwa huo, hata kwa picha mpya, wewe na umri wako huo utatofautisha HD na fo-kei? Thubutu! Nunua ya kawaida, baki na nguvu zako."

Jamani, nilitamani nimkumbatie mzee yule pale kibandani na risasi yake ya moto. Hakitaonekana kitu! Nilikuwa nimebeba jiwe kifuani wiki nzima, likashuka. Nikawa mwema ghafla. Mume wangu aliponiambia njiani, kwa sauti ya mtu mkaidi, kwamba bado anataka ile kubwa, nilimjibu, "Chukua, baba watoto. Roho ikipenda." Akaniangalia kwa mashaka. Nilisaidia hata kubeba boksi.

Ijumaa aliifunga ukutani. Alitumia pima maji yake, na kazi ya nusu saa ikachukua tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kwa sababu povu lilikuwa linakataa kukaa katikati na yeye anakataa kulisamehe. Jumamosi kaka akaja. Nilikuwa sijamwona mwaka mzima. Amenenepa, anatembelea fimbo, goti limefungwa bandeji nene. Mume wangu alimpokea begi mlangoni.

"Karibu, shemeji."

"Asante, shemeji."

Yakaisha hapo. Wakala, kila mmoja akisifia chakula kwangu mimi, kana kwamba mwenzake hayupo mezani.

Jumapili baada ya chakula cha mchana mume wangu akainuka, akachomeka flashi. Alikosa tundu mara mbili ndipo ikaingia. Akabonyeza rimoti, na uwanja wa nyuma ya shule ukajaa ukutani kwetu.

Ulikuwa ukungu mtupu. Wachezaji walikuwa vipande vya rangi vinavyokimbia, miguu haina nyayo, nyuso hazina pua. Fundi alikuwa amesema kweli tupu. Nikaegemea mlango wa jikoni nikapumua. Kaka alitambua kinachoonyeshwa, akakaza mkono kwenye fimbo, lakini hakuondoka.

Yule mshambuliaji akapita mabeki wake. "Chenga ndani ya chenga," kaka akasema kwa uchungu, na mimi nikacheka peke yangu, kwa woga.

Shuti. Mume wangu akasimamisha picha. Akaisogelea, akapiga magoti kama dukani. Palikuwa na goli, ambalo lilikuwa mistari mitatu myeupe iliyokatikakatika, na kaka yangu, bonge la kijani lililolala, na kati yao viraka vya mraba, vya kijivu na vyeupe. Kimojawapo kinaweza kuwa mpira. Kingine kinaweza kuwa chokaa. Au goti la mtu. Akarudisha nyuma, akasogeza mbele, kidogo, kidogo, akarudi kwenye kiti, akarudi kwenye kioo.

"Kazi yangu vigae," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo, "na nimeletewa vigae humu ndani."

"Zima, baba watoto," nikasema. "Hakionekani kitu."

"Subiri," kaka akasema.

Akajiinua kwa shida, akachechemea mpaka kwenye kioo. Hakutazama goli. Alinyoosha fimbo akagusa pembeni chini, kwenye kipande cheusi kirefu chenye nukta nyekundu mkononi.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mbona umeligeuzia goli kisogo?"

Tukatazama wote watatu. Haikuhitaji nukta nyingi. Hata kwenye chogo letu ingeonekana, hata ukikaa barabarani. Mtu wa kibendera alikuwa amegeukia watazamaji, mabega yote mawili, na mpira uko nyuma yake. Fimbo ya kaka ikafuata upande alikokuwa anatazama, ikavuka mstari, ikafika kwenye umati, ikasimama. Katika uwanja mzima wa kijivu palikuwa na kiraka kimoja cha njano.

Kaka akageuka akaniangalia. Alilijua lile gauni. Alininunulia yeye.

"Nilimwita mimi," nikasema. Maneno yalitoka yenyewe, mengi, yakigongana. "Nilikuwa nataka ufunguo. Manyunyu yalianza, nina mashuka ya watu kambani, geti limefungwa. Nilimwita akageuka. Kosa ni langu kaka, nimelala nalo miaka yote hii, nilikuona unalia nikashindwa. Usimkasirikie yeye."

Sikuweza kumtazama mume wangu. Nilidhani nimemvua nguo mbele ya shemeji yake. Lakini alipoongea alikuwa amekaa, na mikono yake, nilipoiangalia, ilikuwa imetulia magotini.

"Kwani unadhani nilisahau nani aliniita?" akaniambia.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba mke wangu ndiye aliyemfungisha kaka yake?"

Kaka alikuwa bado amesimama. "Kwa hiyo hukuona."

"Sikuona, shemeji. Nilipogeuka ulikuwa umelala na mpira kifuani. Nikafikiri, nisiponyanyua watasema nimembeba shemeji yangu. Nikanyanyua. Halafu ukaniambia hukuona, mbele ya watu wote wale, nikashikwa na aibu nikasema nimeona. Nikishasema nimeona, nitaanzaje kurudi nyuma?" Akaelekeza mkono kwenye televisheni. "Hii sikuinunua ili uone wewe. Nilinunua nione mimi. Nilitaka nijue kama angalau nilibahatisha."

Nilingoja fimbo ipande. Kaka ana hasira za haraka, za ukoo wetu, nami ninazo. Akakaa polepole kwenye mkono wa kochi, goti limenyooshwa mbele.

"Uliingia au haukuingia?" mume wangu akamuuliza. Alikuwa anamsihi. "Wewe ndiye ulikuwa nao kifuani. Niambie, shemeji. Nitakubali chochote."

Kaka alijikuna bandeji. Akaniangalia mimi, akaangalia kile kibonge cha kijani kilichoganda kwenye kioo.

"Mimi nilifumba macho," akasema.

"Nini?"

"Huwa nafumba. Tangu utotoni. Mpira ukifika karibu hivi, nafumba, mikono inautafuta yenyewe. Gundi, Gundi, watu wanashangilia, kumbe mwenyewe niko gizani." Akacheka kidogo, bila furaha. "Ningewaambiaje wale wageni? Nilikuwa naomba Mungu wasijue. Nilipofumbua nikaona kibendera kiko juu, na mpaka leo sijui."

Mume wangu alichukua rimoti akairudisha chini. Nilikuwa nataka kulia na nilikuwa nataka kuwapiga wote wawili kwa mwiko, na mimi mwenyewe wa tatu. Watu wazima watatu, miaka kumi na minane, tumepita msibani tukiwa tumenuniana kwa ajili ya goli ambalo hapana hata mmoja wetu aliyeliona.

"Mdogo wangu," kaka akaita.

"Abee, kaka."

"Na mashuka? Uliyawahi?"

"Hata moja. Ufunguo si alibaki nao? Yalilowa yote arobaini."

Akatikisa kichwa, akanivuta mkono nikae karibu na lile goti lake.

"Basi na wewe ulifungwa," akasema.